Mbegu Kumi na Nne

Bi Mwantumu, afisa wa Hazina ya Mbegu, alinipima kidole mara tatu, na mara zote tatu mashine yake ilisema mimi ni marehemu.

"Ni hitilafu tu, dada," alisema. "Mitambo yetu ina siku zake."

Mume wangu Ombeni alicheka. Alikuwa amevaa shati jipya la bluu, alilolinunua makusudi kwa ajili ya siku hiyo, na tangu tutoke nyumbani alikuwa anachekea kila kitu. Mimi sikucheka. Kazi yangu ni kukagua mizani za wauzaji sokoni, hapa Moshi, na nimejifunza kwamba mizani ikikosea mara moja ni hitilafu, lakini ikikosea mara tatu kwa upande uleule, kuna mkono wa mtu.

Nikampa cheti changu. Kilisema kwamba mimi, Nakijwa Mbonea Mchome, mwenye umri wa miaka thelathini na tatu, nimekaa miaka saba kamili bila saratani ya damu na sasa ninaruhusiwa kuzaa. Bila cheti hicho huruhusiwi hata kuuliza kama mbegu zako zipo. Kila mwaka nilitoa damu, nikasubiri wiki mbili bila usingizi wa maana, nikaongezewa mwaka mmoja. Mara saba. Ombeni alinioa katika mwaka wa nne akijua yote, na siku nilipopata cheti alikwenda moja kwa moja kununua shati.

Mbegu zangu, mayai yangu ya uzazi, zilikuwa kumi na nne. Zilitolewa nikiwa na miaka ishirini na minne, wiki moja kabla ya kulazwa. Wakati ule ugonjwa wa aina yangu ulikuwa na tiba moja tu, usingizi mrefu. Wanakupoza mwili mpaka moyo unapiga mara chache kwa dakika, wanakutia chembe zilizofundishwa kula saratani, halafu wanakuacha ndani ya kioo mwaka mzima na zaidi ili zimalize kazi. Chembe zile hazina adabu. Zikimaliza ugonjwa zinahamia kwenye mayai ya mwanamke, haziachi hata moja. Ndiyo maana unaweka akiba kabla hujalala. Na katika kila watu kumi waliolala wakati huo, waliamka wanne.

Mimi niliamka, nikiwa na njaa na kichwa kisicho na unywele, na kitu cha kwanza nilichouliza ni kama umeme wa Hazina haujawahi kukatika. Wakaniambia haujakatika. Hilo lilikuwa kweli.

Bi Mwantumu aliacha kidole changu, akasoma kwenye skrini kwa muda mrefu.

"Dada Nakijwa," alisema mwishowe, "hapa hakuna kitu. Mbegu zako zilitolewa miaka saba iliyopita."

"Zilitolewa na nani?"

"Na ukoo wako, ulipokuwa umelala. Walileta muhtasari wa kikao. Karatasi zao zilikuwa safi kabisa, sisi tusingeweza kukataa."

Ombeni aliacha kucheka. Nikamwomba Bi Mwantumu anipe nakala.

*

Watani zetu wanasema Mpare atauza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Wanachosahau ni kwamba kabla hajamuuza huyo ng'ombe ataitisha kikao, watachaguana mwenyekiti na katibu, na muhtasari utaandikwa nakala tatu. Kwetu hata sufuria la makande ya msibani lina katibu wake. Nilikua nikiliona jambo hilo ni ustaarabu, na mpaka leo sijui niliite jina gani lingine.

Tuliusoma muhtasari ndani ya gari, pale pale nje ya Hazina. Kikao cha ukoo wa Mchome, kilichofanyika kijijini kwetu Mamba, nyumbani kwa mwenyekiti, Ndugu Elinihaki Mchome. Huyo ni baba mkubwa wangu. Waliohudhuria, kumi na mmoja. Ajenda ya kwanza, sala. Ajenda ya pili, hali ya mgonjwa. Mwenyekiti alieleza kuwa mgonjwa ametimiza miezi tisa ndani ya kioo bila dalili yoyote, na kwamba kwa sheria ilivyo ndugu sasa wanaweza kushika vitu vyake. Ajenda ya tatu, vitu vyenyewe. Kabati na nguo apewe shangazi. Baiskeli iende kwa mtoto wa binamu anayesoma mbali. Kisha mbegu kumi na nne.

Nilijua kwamba hapo nitaliona jina la baba mkubwa. Yeye ndiye mwenye mdomo katika ukoo wetu. Lakini katibu aliandika hivi: "Mama wa mgonjwa alitoa hoja kwamba mbegu zisipotee bure bali apewe dada wa mgonjwa, Nambike, ambaye ana miaka kumi ya ndoa bila mtoto, na zichanganywe na za mume wake. Hoja ikapita. Mbegu zitakazobaki ziteketezwe zisije zikaangukia watu baki. Mtoto akiwa wa kike apewe jina la marehemu."

Marehemu. Mwandiko umetulia, wala hakuna mahali alipofuta.

Dada yangu na mume wake Mbazi wana mtoto mmoja, anaitwa Nakijwa, na anakaribia kutimiza miaka saba. Nilipoamka nilimkuta Nambike ana mimba ya miezi minne, na wote wakasema Mungu ametoa viwili kwa mpigo, mmoja kaamka na mwingine anakuja. Nililia kwa furaha, mjinga mimi. Alipozaliwa waliniambia wamempa jina langu kwa heshima yangu. Tangu aanze kusema tunaitana Somo. Kila Krismasi nimepanda milima ya Mamba na gauni ndani ya mfuko, nikaitwa mama mdogo, nikashukuru.

Wahenga walisema kufa kufaana. Hawakusema lolote kuhusu kulala.

"Kwa hiyo Somo ni wako," Ombeni alisema. "Wako na wa shemeji Mbazi."

Aliwasha gari, tukarudi nyumbani.

*

Mamba ni nchi ya tangawizi. Siku nilipofika Nambike alikuwa ameianika uwanjani kwenye turubai, anaigeuza kwa mikono, na mama ameketi kwenye kigoda akichambua iliyooza. Mtoto alikuwa shule na shemeji Mbazi yuko shambani. Nilikuwa nimechagua saa hiyo makusudi. Nikaweka muhtasari juu ya tangawizi.

Nambike aliutambua kabla hata hajausoma. Aliendelea kugeuza tangawizi mpaka mama akamwambia aache.

"Nani kakupa?" mama aliuliza.

"Mama, hilo ndilo swali?"

"Keti kwanza, mwanangu."

"Sikai."

Basi mama akasema nikiwa nimesimama. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayeeleza bei ya sokoni.

"Nilimzika Kiondo. Nikamzika Elisante. Kaka zako wote wawili kwa ugonjwa ule ule, hakuna aliyefika miaka thelathini. Wewe ukawa wa tatu. Nilikuwa nakuja pale hospitali, nakushika mguu kwenye kile kitundu walichotuachia, na ulikuwa wa baridi, Nakijwa. Miezi tisa nashika mguu wa baridi. Nikasema kitu cha huyu kibaki. Sikutaka nitoke mikono mitupu mara ya tatu."

"Nilikuwa hai."

"Sikudhani utaamka."

Hakuna aliyewahi kuniambia neno chungu kama lile, na alilisema bila ubaya wowote. Nikamgeukia dada yangu.

"Na nilipoamka? Miezi minne tu. Ulikosa nini cha kuniambia?"

"Ningekwambia nini?" Nambike alisema. "Nikutapishie mimba mikononi nikwambie shika, ni yako? Nimembeba mimi. Nimepasuliwa mimi. Siku tatu sikuweza hata kukaa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mzazi ni mimi."

"Nazungumzia kasoro, Nambike."

Akainamia turubai. Mama naye akainama kwenye tangawizi yake.

Ugonjwa wetu hauji kwa bahati. Kuna kasoro katika damu ya ukoo wa baba, na anayeirithi mara nyingi hafikishi miaka thelathini bila kuugua. Kaka zetu walikuwa nayo, mimi ninayo. Nambike alipimwa akakutwa hana. Kama ningezichukua mbegu zangu mwenyewe, Hazina wangezichuja kwanza na kuziacha zenye kasoro. Kikao hakikuomba zichujwe, kwa sababu kuchuja kunahitaji mwenye mbegu aweke kidole, na mwenye mbegu alikuwa ndani ya kioo. Tena kwenye kumbukumbu za nchi Somo ni mtoto wa Nambike, na Nambike ni mzima, kwa hiyo mtoto hajawahi kupimwa. Siku hizi hakuna kipimo cha kasoro bila nasaba. Walifunga mlango huo baada ya watu kuanza kuwapima wachumba kwa siri.

Wenye kasoro wakijulikana mapema wanaangaliwa kila baada ya miezi mitatu, na ugonjwa ukianza unakamatwa ukiwa mdogo, hawahitaji tena kulala. Wasiojulikana wanakufa kama Kiondo.

"Kila jioni nikimwogesha," Nambike alisema taratibu, "nampapasa shingo na makwapa, natafuta tezi. Akipata jeraha gotini nalihesabia siku, linapona lini. Miaka saba. Unadhani nimesahau?"

"Ungesema wakampima."

"Ningesema, ungemchukua."

Nilitaka kumwambia kwamba amenivunjia heshima kunifikiria hivyo. Lakini kwenye pochi yangu mlikuwa tayari na karatasi nilizopewa na Bi Mwantumu, na sikuweza.

*

Karatasi zilikuwa mbili. Mwenye mbegu akishajua, ana siku tisini za kuchagua. Ya kwanza inaitwa Dai. Ukiiwekea kidole nasaba ya mtoto inafunguliwa, anapimwa, na anahamia kwako wakati majibu yanasubiriwa. Majibu yakitoka una siku tatu za kutengua. Ukitaka kutengua, wewe na mlezi mnakwenda Hazina pamoja, mnaweka vidole, mtoto anarudi alikolelewa. Usipotengua, ni wako moja kwa moja, na aliyemlea anabaki kuwa ndugu tu. Karatasi ya pili inaitwa Kuachia. Hiyo inaziba nasaba milele, mtoto anabaki alipo, na hapimwi kamwe.

"Hakuna ya katikati?" nilimuuliza Bi Mwantumu kwa simu.

"Sheria haikuwafikiria watu kama ninyi, dada."

Nilikaa nalo wiki saba. Nikiwa kazini, mikono ikipanga mawe ya kupimia, kichwa kilikuwa kinadai na kuachia. Nikiachia, nitakuwa nimemwacha mtoto atembee na kitu kinachoweza kumuua, ili wakubwa tusisumbuane. Nikidai, nitamng'oa kwa mama pekee anayemjua. Na chini ya hayo yote kulikuwa na jambo moja nililolijua vizuri na sikumwambia mtu. Nilimtaka. Sikuwa na mbegu nyingine, sitakuwa nayo nyingine, na yule alikuwa wangu. Kila nilipojiambia kwamba nadai kwa ajili ya kipimo, nilijisikia kama muuzaji anayeniapia kwamba mizani yake ni ya haki huku kidole kiko chini ya sahani.

Nilimuuliza Ombeni. Alifikiri, kisha akasema, "Mimi nilitaka mtoto wetu. Huyu hata nikimpenda vipi, nitakuwa namwona shemeji Mbazi kwenye paji la uso. Lakini kama anaumwa, dai apimwe. Halafu mrudishe." Kwake lilikuwa jambo fupi hivyo.

Siku ya hamsini na tatu baba mkubwa Elinihaki aliitisha kikao. Nilikwenda. Walikuja tisa, wawili walikuwa wamekwisha kufa kweli. Katibu alikuwa yule yule, na kalamu yake.

"Tulifanya kwa nia njema," baba mkubwa alifungua. "Mgonjwa haulizwi uji."

"Uji ule ulikuwa wangu, baba mkubwa. Mkaunywa ninyi."

Watu wawili watatu waliangalia chini. Baba mkubwa alikohoa, akaendelea. Alikuwa amekwisha fikiri, lazima nimpe haki yake. Alisema nidai, mtoto apimwe, kisha nitengue. Afya ya mtoto itajulikana, nyumba ya Nambike itasimama, na mimi nitabaki mama mdogo kama siku zote. Kila mtu aliona hilo ndilo jambo la busara. Shemeji Mbazi, ambaye hakuwa ameniangalia usoni tangu niingie, alisema "sawa" kabla hajaulizwa.

"Niandike kwamba amekubali kutengua?" katibu aliuliza.

"Usiandike," Nambike alisema.

Chumba kizima kilimgeukia. Katika ukoo wetu sijawahi kusikia mtu akisema hivyo.

"Yaliyoandikwa yametosha," alisema. Akaja akasimama mbele yangu, karibu, nikanusa tangawizi kwenye mikono yake. "Niambie wewe mwenyewe, Nakijwa, nikiwa nakuangalia. Utamrudisha?"

Wakati ule nilikuwa namaanisha. Ninaapa nilikuwa namaanisha.

"Nitamrudisha," nilimwambia.

*

Somo alikuja Moshi na begi la shule na mswaki ndani ya soksi. Alikuwa ameambiwa ni likizo, na kwamba watamtoa damu kidogo kwa sababu ndugu zake wa zamani waliumwa. Pale Hazina aliniuliza kama sindano inauma. Nimechomwa sindano zaidi ya elfu moja katika maisha yangu, nikamwambia inauma kidogo halafu inaisha. Alinitolea mkono na kugeuza uso ukutani, hakulia.

Majibu yalikuwa yachukue siku kumi.

Siku za mwanzo nilijizuia. Nilimpikia, nikamlaza, nikampapasa shingo wakati wa kuoga nikijifanya nasugua. Kila sentensi yake ya pili ilianza na "mama anasema." Mama anasema makande hayawekwi sukari. Mama anasema ukilala na soksi unaota vibaya. Niliitikia. Ila jioni, akiwa amelala, nilikuwa naangalia kucha zake za vidole gumba, pana na fupi. Ni zangu. Anatoa mguu mmoja nje ya shuka, kama mimi. Hakuna aliyemfundisha hayo.

Ombeni aliyesema ataliona paji la uso la shemeji alinishangaza. Siku ya nne nilimkuta sebuleni anamfundisha kucheza bao kwenye maboksi ya mayai, wanazozana kama rika moja.

Siku ya sita nilimchukua kazini. Nilimpa abebe mawe ya kupimia, yale madogo ya shaba, na akayabeba kwa mikono miwili kwa uangalifu mkubwa, meza hadi meza. Kwa muuza dagaa mmoja nilikuta mizani inapunja. Kabla sijasema neno, Somo akamwambia yule mama, "Hii inaiba." Soko lote likacheka, hata mwenye dagaa.

"Huyu binti mkali," alisema. "Ni wako?"

"Wangu," nikasema.

Lilitoka tu. Miaka thelathini na tatu nilikuwa sijawahi kulisema neno hilo kwa namna ile, na likanikaa mdomoni mchana kutwa. Somo hakulisikia, alikuwa anahesabu mawe yake. Usiku ule ndipo nilipoacha kumaanisha nilichomwambia Nambike, ingawa sikujiambia bado.

Siku ya kumi Bi Mwantumu alipiga simu. Alikuwa na furaha mpaka anakosea maneno.

"Hana. Dada, hana kasoro. Msafi kabisa. Hongereni."

Nilikaa chini kwenye sakafu ya jikoni. Nilimshukuru Mungu, na nilikuwa namshukuru kweli. Halafu nyuma ya shukrani likaja jambo ambalo naona aibu kulisema, lakini nimeanza kusema basi nimalize. Nilisikitika. Angekuwa nayo, ningekuwa na sababu. Ningesema anahitaji kuwa karibu na hospitali, anahitaji mtu anayeujua ugonjwa, na kila mtu angenielewa. Sasa mtoto ni mzima, nyumbani kwao wanamsubiri, na mimi sikuwa na kisingizio chochote kilichobaki zaidi ya kwamba namtaka.

Nambike alipiga simu dakika chache baadaye. Walikuwa wamemjulisha naye. Alikuwa analia, nyuma yake mama anaimba wimbo wa kanisani kwa sauti mbovu. "Asante," aliniambia. "Asante, mdogo wangu. Nitakuja keshokutwa, saa nne asubuhi niko Hazina, tuweke vidole turudi na gari la mchana."

"Sawa," nikasema.

*

Keshokutwa yake ilikuwa siku ya tatu, ya mwisho. Somo aliamka mapema, akajivalisha gauni la safari, akapanga begi lake mwenyewe na kuuweka mswaki ndani ya soksi. Saa tatu na nusu Ombeni alisimama mlangoni na funguo za gari.

"Twendeni, tutachelewa."

"Hatuendi," nilimwambia.

Nadhani alikuwa amekwisha jua tangu siku ile ya soko, maana hakuuliza kwa nini.

"Uliahidi, Nakijwa."

"Walinigawa nikiwa hai, Ombeni. Kabati huku, baiskeli kule. Nikaamka wakanipa uji, nikasema asante. Miaka saba nimepanda mlima kumpelekea mwanangu gauni la Krismasi na kuitwa mama mdogo. Nani aliniuliza?"

"Hakuna. Lakini yeye Nambike amekuuliza. Alikuuliza usoni."

Hapo alinipata. Nilijua dada yangu yuko garini anaingia Moshi na nguo zake za kanisani. Nilijua kwamba katika ukoo mzima yeye ndiye aliyeliamini neno langu tupu, bila karatasi, bila kalamu ya katibu. Walionifanyia vibaya walikuwa kumi na mmoja, na mimi nilikuwa namlipiza mmoja, tena yule aliyempenda mtoto kuliko wote. Nilijua yote hayo, na miguu yangu haikusogea.

"Basi nitakwenda mimi nimwambie," Ombeni alisema. "Hawezi kukaa pale kwenye benchi peke yake mpaka wafunge." Alikwenda, na alifunga mlango polepole, jambo lililoniuma kuliko kama angeubamiza.

Hazina inafunga saa tisa na nusu. Nikamwita Somo aje nimsuke. Alikaa sakafuni katikati ya magoti yangu, begi pembeni yake. Nywele zangu mimi hazijawahi kuota vizuri tangu nilipoamka, zina mapengo. Zake ni nyingi, nzito, zinajaa mkono. Niligawa njia taratibu. Simu ilianza kutetemeka mezani saa nne na robo, ikanyamaza, ikaanza tena. Jina la Nambike. Kisha la mama. Kisha la baba mkubwa. Kisha ujumbe wa Ombeni, kwamba amemwambia na Nambike amekataa kuondoka kwenye benchi, anasema nitakuja. Kisha jina la Nambike, mara nyingi, mpaka nikaigeuza.

"Nani anapiga?" Somo aliuliza.

"Watu wa kazini."

Tulikula wali, tukarudi kwenye nywele. Aliniimbia wimbo wa shule, akaniambia kuhusu mwalimu anayechechemea, akasinzia kidogo kwenye goti langu na kuamka. Saa tisa ikafika. Saa tisa na nusu ikafika. Simu ilitetemeka mara moja tu, mlio mfupi wa Hazina, nikajua imeandikwa nini bila kuisoma. Sikuhisi ushindi. Nilihisi mikono yangu ni mizito na kwamba kuanzia dakika ile nina mtoto na sina dada.

"Somo," mtoto alisema, "mama anakuja saa ngapi?"

Nikamwambia ainamishe kichwa, sijamaliza.

Nilikuwa nimemaliza zamani. Nikaufumua msuko wa mwisho, nikaanza upya.